Animal Well: rivyu zote zinaisifia, mimi masaa tisa nimekwama palepale. Hivi tunacheza gemu moja?

kitonge_wa_mbezi

Wakuu habari za usiku, poleni na mihangaiko. Naombeni niulize kitu na msinicheke, au mkicheka mcheke ila mnijibu.

Mwezi uliopita nilikuwa natafuta gemu nyepesi maana kompyuta yangu ni ya mtumba, ram 4, feni inalia kama mashine ya kusaga, na hizi gemu za sa hivi kila ukigusa inataka GB 80, GB 100, yaani bando la mwezi mzima linaisha kwa gemu moja na bado hujui kama itawaka. Katika pita pita nikakutana na hii Animal Well, nikaangalia ukubwa, haifiki MB 40. Nikarudia kusoma nikidhani wamekosea kuandika. MB 40 jamani! Video ya kitchen party mtu anayokurushia WhatsApp inazidi hapo.

Basi kabla sijatoa hela nikasema ngoja nisome rivyu. Kila nilipogusa ni sifa, tisa kwa kumi, kule Metacritic (ile tovuti inayokusanya alama za rivyu) inacheza kwenye tisini hivi, watu wanaandika kama wametokewa na malaika. Nikajipinda nikalipa kwa kadi ya kwenye simu, dola 25 kasoro senti moja, zaidi ya elfu 60 hiyo imeondoka na mwezi ulikuwa tarehe 19.

Sasa nimecheza masaa tisa. We ni kitonge kidogo chenye macho, umetoka kwenye ua, giza kila upande, maji yanadondoka, na hakuna mtu anayekwambia chochote. Huna panga, huna bunduki. Ukiacha menyu na majina ya vifaa hakuna hata neno moja. Kuna moto minne ya kutafuta (hilo nimelijua kwa kubahatisha), mimi ninao mmoja. Nina fataki na kile kisahani cha kurusha, basi. Kuna sehemu ina pengo refu, ng'ambo naliona kasha kabisa pale limekaa, naruka nadondoka, naruka nadondoka, nikifa narudishwa kwenye simu ya mezani niliyosevia ambayo iko vyumba kama sita nyuma, njia nzima naanza tena na kale kambwa ka kizimu kananikimbiza.

Swali langu: hawa walioandika rivyu walimaliza kweli? Na wanachosifia ni nini hasa? Maana nasoma eti uzuri wake ni kwamba haikushiki mkono, sasa mimi ningependa kushikwa hata kidole.

baharia_wa_bandari

Umenunua? Gemu? Elfu 60? Humu ndani? Mods mpeni huyu beji.

pikseli_dada

Achana na huyo mkuu, pole kwanza na karibu chamani.

Mi nimeimaliza (kumaliza kwa maana ya kuona majina ya watengenezaji, nitafika hapo) na rivyu za kipindi kile ilipotoka, Mei 2024, nilizisoma nyingi tu kwa sababu nilikuwa naifuatilia muda. Naomba nikujibu kwa mapana kidogo maana swali lako si la kijinga hata kidogo.

Kwanza hiyo MB 40 unayoishangaa ndo sehemu ya habari yenyewe. Aliyeitengeneza anaitwa Billy Basso, Mmarekani, kakaa nayo kama miaka saba, picha kachora yeye, sauti yeye, hadi injini ya gemu (ile programu inayoiendesha) kaandika mwenyewe kwa lugha ya C++, hakuchukua injini za dukani kama wenzake. Ndo maana haina mafuta ya ziada. Picha yenyewe ni pikseli 320 kwa 180 tu, ila juu yake kapaka mwanga, moshi, maji yanayotikisika ukipita, na ile mistari ya TV ya chogo. Kwa hiyo ukiiona unasema hii ni gemu ya mwaka 1990, ukiitazama vizuri unagundua hakuna mashine ya 1990 ingeweza kufanya hivyo. Wachambuzi wengi hapo ndo walianza kulegea, na mi siwalaumu. Zima taa ya chumba, washa fataki moja kwenye chumba chenye ule mzimu, angalia cheche zinavyomulika kuta. Halafu uje uniambie.

Pili, na hili ndo jibu la swali lako. Basso mwenyewe alishaeleza kuwa kaijenga kwa tabaka. Tabaka la kwanza ni kutafuta hiyo moto minne mpaka mwisho wa kwanza, majina yanapita. La pili ni mayai, yako 64 yamefichwa dunia nzima. La tatu ni siri ambazo hazikulengwa kwa mtu mmoja kabisa. Sasa mwandishi wa rivyu anapewa gemu siku kadhaa kabla haijatoka, ana tarehe ya kupeleka kazi, anamaliza tabaka la kwanza na kula sehemu ya la pili, anaandika. Hajakudanganya, ila alichokipa tisa ni alichokiona. Na alikicheza kipindi ambacho YouTube haina hata video moja ya maelezo, hana pa kuchungulia, kwa hiyo kila alichokigundua kilikuwa chake mwenyewe, na hiyo furaha ndo imeingia kwenye maandishi. We unaicheza baada ya watu wote, na moyoni unajua jibu liko umbali wa kubonyeza mara moja. Ukikwama dakika kumi unajiona mjinga. Yeye akikwama dakika kumi anaona ni sehemu ya kazi.

Tatu, si kweli kwamba wote walisifia tu. Soma hadi chini. Malalamiko yapo na mengi ni haya haya yako: kurudi rudi njia ileile, simu za kusevia zilizo mbali na sehemu ngumu, vyumba vichache vinavyotaka kidole cha mwanamuziki wakati gemu nzima imekuzoesha kutumia kichwa. Tofauti ni kwamba wao waliandika kwa sentensi mbili kisha wakaendelea kusifia, na mtu mwenye haraka anasoma namba tu juu.

Kuhusu pengo lako sikwambii. Ila umeshasema una kisahani. Rudia kusoma ulichoandika.

kitonge_wa_mbezi

> Kuhusu pengo lako sikwambii

Dada we nawe umekuwa gemu 😂

mlinzi_wa_zamu

Mnazunguka tu, semeni ukweli. Hii gemu imetolewa na Bigmode, na Bigmode ni kampuni ya yule Dunkey wa YouTube, Jason Gastrow, yeye na mkewe wameianzisha 2022 na Animal Well ndo gemu yao ya kwanza kutoa. Huyu jamaa kazi yake miaka yote ilikuwa ni kuchambua gemu za wenzake na kuzicheka. Mamilioni ya watu wanamfuata. Sasa mchambuzi akigeuka muuzaji wewe unategemea nini? Waandishi wanamjua, mashabiki wake wananunua siku ya kwanza, anayeisema vibaya anashambuliwa. Refa kavaa jezi halafu mnashangaa matokeo.

pikseli_dada

> Refa kavaa jezi

Hiyo picha nimeipenda ila haikai sawa. Dunkey hajaandika rivyu za magazeti, waliotoa hizo tisa ni watu wengine kabisa, na baadhi yao hata hawampendi, kumbuka 2022 alipotangaza hiyo kampuni alisemwa sana, kwamba mtu wa kuchekesha atajulia wapi kuchapisha gemu. Na Basso alikuwa ameshaila hiyo kazi miaka mingi kabla Bigmode haijazaliwa. Walichomletea ni macho ya watu, na kweli bila yeye labda wengi tusingeijua. Kwenye kujulikana nakupa pointi. Kwenye alama sikupi.

Halafu mwisho wa mwaka ule iliingia kwenye tano za gemu bora za watengenezaji wadogo kule kwenye tuzo za The Game Awards, ikapigwa na gemu nyingine, Balatro. Kama kulikuwa na njama basi ilikuwa njama dhaifu.

mlinzi_wa_zamu

Sawa nakubali nusu. Ila nusu tu.

ondi_wa_nakuru

Wakuu wa Bongo naomba niingilie, mimi niko upande wa jamaa mwenye swali. Niliinunua, nikacheza saa moja na dakika arobaini hivi, nikairudisha Steam (duka la mtandaoni nilikoinunua) kabla masaa mawili hayajafika, doo yangu ikarudi. Na sioni haya kusema.

Shida yangu si ugumu. Mimi gemu ngumu nazipenda, nimekufa mara mia kwa bosi mmoja na nikarudi. Lakini bosi akikuua unajua amekuua na nini, unajifunza mkono wake, kesho unamtoa. Hapa nilikuwa natembea tu. Chumba, popo, chumba, kindi anakimbia, chumba, taa, swichi sijui imefungua nini. Nikajiuliza hii ni ugumu ama ni mimi kunyimwa habari? Ukificha funguo ya nyumba mahali ambapo mtu hana sababu ya kuangalia, akikosa kuipata si eti hana akili. Umeificha tu.

Na hawa wa rivyu wanalipwa kukaa hapo. Mimi natoka kazini saa moja jioni, nafika nyumbani saa mbili na nusu kwa sababu ya jam, nina saa moja ya kucheza kabla usingizi. Saa moja hiyo nikiimaliza bila kupata chochote naona kama nimeibiwa.

kitonge_wa_mbezi

HAPO HAPO. Huyu mwenzangu.

mzee_kaseti

Vijana shikamooni wenyewe kwa wenyewe, mimi ngoja nikae nieleze maana naona mnaongea kama hii kitu imeanza jana.

Mimi nimekulia Tanga, na gemu ya kwanza kuigusa ilikuwa ile mashine ya kaseti za njano, feki ya Kichina ya ile ya Wajapani, kaseti imeandikwa ina gemu 9999 ndani, ukihesabu ni tano zinajirudia kwa majina tofauti. Nyumba moja mtaani ndo ilikuwa nayo, unapanga foleni, ukifa unampa mwenzio pedi, kaseti ikigoma unaipuliza na mate yanaingia. Sasa nisikilizeni. Gemu zile nyingi zilikuwa za Kijapani. Maandishi yote Kijapani. Zilizobaki Kiingereza, na sisi wa darasa la nne Kiingereza chetu kilikuwa good morning teacher. Hakuna aliyejua hadithi inahusu nini, hakuna kitabu cha maelekezo, kaseti ilikuja imefungwa kwenye nailoni. Tulijuaje basi? Tulibonyeza. Mmoja akigundua ukiinama juu ya bomba unaingia chini ya ardhi, jioni mtaa mzima unajua, kesho yake shule nzima.

Ndo maana nikisoma rivyu za hawa wazungu naona wanasifia kitu ambacho kwetu hakikuwa sifa, kilikuwa hali ya kawaida. Wao walipewa kitabu chenye picha, wakakua, vitabu vikaisha, gemu zikaanza kuwaongoza kwa mishale, sasa wanaikumbuka ile hali ya kutojua na wako tayari kuilipia. Kuna gemu nyingine ya 2022, Tunic, kambweha kadogo, ile imefanya utundu wa moja kwa moja: unaokota kurasa za kitabu cha maelekezo mojamoja, na zimeandikwa kwa herufi za kubuni usizoweza kusoma, unaambulia picha na mishale. Mchambuzi wa Marekani anaona huo ni ubunifu mkubwa, na ni kweli ni ubunifu. Mimi niliona Tanga.

Halafu huyu wa Nakuru kasema jambo la maana sana kuhusu kunyimwa habari, na hilo si la Animal Well. Kama mnataka kuona watu wanagombana kweli nendeni mkaangalie La-Mulana. Ilitoka 2005 Japani, ya bure kabisa, vijana wachache walioipenda kompyuta ya MSX ya miaka ya 80 wakatengeneza gemu mpya inayofanana na za MSX, rangi zilezile chache, milio ileile. We ni mtafiti wa mambo ya kale, Lemeza, una mjeledi na kompyuta ndogo ya kubeba, unaingia kwenye magofu. Baadaye wakaitengeneza upya, ikaja kwenye kompyuta 2012 kwa picha nzuri zaidi, na ya pili wakachangiwa hela na mashabiki, ikatoka 2018.

Ile ndiyo kali. Vidokezo viko kwenye vibao vya mawe, kibao kiko gofu hili, kinachozungumziwa kiko gofu la nne huko, na kinazungumza kwa mafumbo kama bibi mwenye kisirani. Usipokuwa na daftari umekwisha. Mimi nililijaza daftari la kurasa 96 kwa ajili ya gemu ile, mke wangu (wakati huo mchumba) alilikuta akadhani nimeingia kwenye uganga, michoro ya macho na nyoka na namba. Kuna kibao kimoja kinakuonya usikisome tena. Ukikaidi ukakirudia, gemu nzima inakuwa ngumu zaidi na hakuna namna ya kurudisha. Nani anafanya hivyo kwa mteja wake?

Na wachambuzi waligawanyika hivi hivi. Upande mmoja ni kazi ya heshima, inamwamini mchezaji, kila fumbo lina jibu ukitulia. Upande wa pili ni ukatili, hakuna binadamu wa kawaida atakayeunganisha hivyo vibao bila kuchungulia majibu ya wenzake. Nimecheza, nimemaliza, na ninawaambia pande zote mbili ziko sahihi. Nilichungulia mara nne. Mara mbili nikajipiga kofi kwamba jibu nilikuwa nalo daftarini, mara mbili nikasema hata ningekaa mwaka nisingejua.

Animal Well kulinganisha na ile ni mpole kama kondoo. Haikunyimi habari, inakunyima maneno. Hiyo ni tofauti kubwa, na ningeomba huyu wa Nakuru aiangalie. Kila kitu kiko mbele ya macho yako kwenye skrini. Na kwa kuwa hakuna maneno, kitu ambacho hakuna mchambuzi hata mmoja niliyemsoma amekigusa, mimi na wewe na yule wa New York tunaanza mstari mmoja. Nimecheza gemu miaka thelathini, zile ambazo lugha yake haikunizidi kimo nazihesabu kwa vidole.

Samahani kwa kuwachosha.

baharia_wa_bandari

Mzee hujachosha mtu. Hiyo ya daftari nimecheka mpaka konda kanigeukia.

ondi_wa_nakuru

Mzee heshima yako. Hiyo ya kunyimwa maneno na kunyimwa habari nimeielewa, lakini bado nina kesi. Mbona kuna lile fumbo la sungura lililotaka watu hamsini? Hilo nalo liko mbele ya macho?

pikseli_dada

Kwa wasiojua: kuna mchoro fulani wa sungura, na kila mchezaji kwenye gemu yake anapewa kipande kimoja tu kati ya hamsini. Peke yako huwezi hata ukikesha mwaka. Watu walikusanyika mtandaoni, huyu analeta kipande chake, yule chake, wakaviunga kama kitenge, ndani ya siku chache tangu itoke likafunguka.

Hapo nakupa haki ondi, kama kuna anayetaka kusema hili si haki kwa mchezaji mmoja sina ubishi. Na ni kweli rivyu nyingi hazikuligusa maana wakati zinaandikwa wachezaji wenyewe hamsini walikuwa hawajafika. Ila angalia alichofanya. Mzee hapo juu kasema mmoja akigundua jioni mtaa mzima unajua. Basso kachukua hiyo foleni ya Tanga kaiweka ndani ya gemu. Hilo fumbo ni mtaa.

Halafu si lazima! Linakaa tabaka la tatu huko. Unaweza kumaliza gemu ukalala vizuri bila kujua kuna sungura.

mlinzi_wa_zamu

Kwa hiyo tisa kwa kumi ni ya tabaka la kwanza, sungura ni la tatu, na jamaa yetu hajamaliza hata la kwanza. Mimi naomba rivyu ya huyu huyu kitonge, aandike yeye, ndo itakuwa na faida kwa watu wa kawaida.

kitonge_wa_mbezi

Wakuu nimerudi, ni siku tatu. Naombeni mnisikilize.

Jana mdogo wangu wa kike alikuwa kwangu, yuko kidato cha pili, gemu hajui, anajua za simu zile za kupanga matunda. Umeme ulikuwa umekatika, kompyuta ina chaji asilimia 40 hivi, giza nyumba nzima, nikasema ngoja nicheze kidogo. Kakaa pembeni anakula karanga. Nimefika kwenye pengo langu, nikaruka nikadondoka, nikarudi, nikaruka nikadondoka. Akaniuliza kaka hicho kisahani kinafanya kazi gani. Nikamwambia unarusha, kinagonga swichi, kinarudi. Akasema nipe.

Basi akawa anarusha tu ovyo, hata hanisikilizi. Anarusha anaruka, anarusha anaruka, kama mtoto anayechezea kitufe cha lifti. Mara kitonge kikadondokea JUU ya kisahani. Kikiwa hewani. Na kisahani kikaendelea kwenda nacho!! Kimekaa pale juu kama abiria wa bodaboda, kikavuka pengo zima, mdogo wangu karanga zimemwagika mi nimesimama, kitonge kimegonga ukuta wa pili kikashuka taratibu mbele ya kasha. Yai.

Hatukusema kitu kama sekunde tano. Halafu akaniambia, "Kumbe unapanda."

Masaa tisa yote nilikuwa nacho mkononi. Nimekuwa nakitumia kama jiwe. Pikseli dada we ulijua, na uliponiambia rudia kusoma ulichoandika nilikasirika nikazima simu.

Sasa mlinzi kaomba rivyu yangu, haya ndo ninayoweza kusema. Zile rivyu hazikuandika uongo, lakini naona zimekosa kuniambia jambo moja la msingi: isicheze peke yako ukiwa umechoka. Ondi yuko sahihi kabisa, ile saa moja ya baada ya kazi gemu hii itaila na haitakurudishia chochote, mi mwenyewe siku nne hivi zilipita hivyo. Lakini ukiwa na mtu pembeni anayeuliza maswali ya kijinga inageuka gemu nyingine. Simu za kusevia bado ziko mbali kupita kiasi na hapo sibadilishi. Kambwa ka kizimu sikapendi. Alama sitoi maana sijui nitoe ya kabla ya jana au ya baada.

mzee_kaseti

"Kumbe unapanda." Mwambie mdogo wako aanze daftari.

ondi_wa_nakuru

Aiseee. Sasa nimeanza kujuta kurudisha. Si nijue inashuka bei lini.

pikseli_dada

Kitonge, sasa ukipata kijiti cha mapovu na yoyo usivitumie kwa kazi moja tu. Na sisemi zaidi.

kitonge_wa_mbezi

Moto wa pili nimeupata leo asubuhi!! Ila kuna kangaruu nimemkuta kwenye chumba ambacho jana hakuwepo, kanipiga ngumi, nimekimbia chumba cha pili naye kaja. Huyu anafunguliwaga na nani? Msinijibu. Mdogo wangu anakuja Jumamosi.